Kujua Kwamba Namba Si Tasa na Kuvijua Vigawo Vyake: Uchambuzi wa Namba 2⁶⁷ − 1

Ikisiri

Namba 147,573,952,589,676,412,927, ambayo kwa kifupi huandikwa 2⁶⁷ − 1, ilitangazwa kuwa namba tasa mwaka 1644. Mwaka 1876 ilibainishwa kwa njia ya kihisabati kwamba si tasa, lakini hakuna aliyeweza kutaja hata kigawo chake kimoja. Vigawo vyenyewe vilitolewa hadharani mwaka 1903. Makala hii inachambua sifa za namba hiyo ili kuonyesha kwamba kuthibitisha kuwa namba ina vigawo, na kuvipata vigawo hivyo, ni kazi mbili zenye uzito tofauti. Tofauti hiyo, ambayo zamani ilikuwa kero ya wanahisabati wachache, leo ni ngao ya sehemu kubwa ya mawasiliano ya siri katika intaneti.

1.0 Utangulizi

Namba tasa ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 na ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Mifano yake ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Istilahi hii ya Kiswahili inastahili kuangaliwa kidogo. Kiumbe tasa ni kile kisichozaa, na namba tasa imeitwa hivyo kwa kuwa haitoi vigawo vingine. Hata hivyo, taswira hiyo inaweza kugeuzwa, kwa sababu kwa upande wa kuzidisha namba tasa ndizo wazazi wa namba zote. Kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1, kama si tasa yenyewe, ni zao la namba tasa, na zao hilo hupatikana kwa njia moja tu. Namba 60 ni 2 × 2 × 3 × 5, na hakuna mkusanyiko mwingine wa namba tasa utakaozidishwa ukatoa 60.

Kanuni hiyo inahakikisha kwamba vigawo tasa vipo. Haisemi vitapatikanaje, wala itachukua muda gani kuvipata. Kwa namba ndogo pengo hilo halionekani. Mwanafunzi wa shule ya msingi akiulizwa vigawo vya 91 atajaribu 2, atajaribu 3 na 5, kisha atafika 7 na kupata 7 × 13 kabla mwalimu hajafuta ubao. Namba inapokuwa na tarakimu 21, njia hiyo hiyo, ambayo kinadharia haina kasoro yoyote, hudai maisha ya mtu mzima. Historia ya 2⁶⁷ − 1 inafaa kuchambuliwa kwa sababu pengo hilo limekaa wazi ndani yake kwa miaka 27.

2.0 Orodha ya Mersenne

Namba za umbo 2ⁿ − 1 zilianza kuchunguzwa kwa sababu ya namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vidogo kuliko yenyewe. Namba 6 ni timilifu kwa kuwa 1 + 2 + 3 = 6; vivyo hivyo 28, kwa kuwa 1 + 2 + 4 + 7 + 14 = 28. Euclid alithibitisha zamani kwamba kila mara 2ⁿ − 1 inapokuwa tasa, ikizidishwa kwa 2ⁿ⁻¹ hutoa namba timilifu. Kutafuta namba timilifu kukawa, kwa hiyo, ni kutafuta namba tasa za umbo hilo.

Hatua ya kwanza ya uteuzi ni rahisi. Kipeo n kisipokuwa tasa, 2ⁿ − 1 nayo haiwezi kuwa tasa. Kwa mfano, 2⁶ − 1 = 63, nayo hugawanyika kwa 2² − 1 = 3 na kwa 2³ − 1 = 7. Kinyume chake si kweli. Namba 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 = 2,047 = 23 × 89. Namba hii ndogo, 2,047, itarudiwa mara kwa mara katika makala hii, kwa kuwa ina karibu kila tabia ya 2⁶⁷ − 1 na inaweza kuhesabiwa kwa mkono.

Mwaka 1644, Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa aliyekuwa kiungo cha barua baina ya wanasayansi wengi wa Ulaya, alichapisha orodha ya vipeo visivyozidi 257 ambavyo, kwa madai yake, hutoa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Orodha hiyo ina makosa matano. Vipeo 67 na 257 havikustahili kuwamo. 61, 89 na 107 vilistahili lakini vikaachwa. Kazi ya kuisahihisha yote ilikamilika mwaka 1947, miaka zaidi ya 300 baadaye.

Ni vigumu kuamini kwamba Mersenne alizikagua namba hizo kwa hesabu. Yeye mwenyewe alikiri kwamba muda wote uliopo usingetosha kuamua kama namba ya tarakimu 15 au 20 ni tasa. Hata 2³¹ − 1, ambayo ina tarakimu 10 tu, ilisubiri hadi Leonhard Euler alipothibitisha utasa wake mwaka 1772. Pamoja na makosa yake, orodha ilifanya kazi ambayo orodha sahihi isingeifanya: iliwapa waliofuata madai mahususi ya kuyapinga au kuyathibitisha, na ndiyo maana namba za aina hii bado zinaitwa kwa jina la Mersenne.

3.0 Umbo la Lazima la Vigawo

Kabla ya kuuliza kama 2⁶⁷ − 1 ina vigawo, inawezekana kueleza kwa uhakika vigawo hivyo vingefananaje. Hii ni sifa ya ajabu kidogo: namba inafichua sura ya vigawo vyake kabla haijulikani kama inavyo.

Chukulia kwamba q ni namba tasa inayogawanya 2⁶⁷ − 1. Maana yake ni kwamba 2⁶⁷ ikigawanywa kwa q hubakiza 1. Sasa yaangaliwe mabaki ya 2, 2², 2³ na kuendelea, kila moja ikigawanywa kwa q. Mabaki hayo hufika 1 baada ya hatua kadhaa, kisha mfuatano huanza upya, kama siku za juma zinavyorudi. Kwa kuwa katika hatua ya 67 baki ni 1, urefu wa mzunguko lazima uigawanye 67. Lakini 67 ni tasa, kwa hiyo mzunguko una hatua 1 au hatua 67. Hauwezi kuwa na hatua 1, maana hapo 2 yenyewe ingebakiza 1, na q ingelazimika kuigawanya 1. Mzunguko basi una hatua 67.

Hapa inaingia kanuni ya Pierre de Fermat: ikiwa q ni namba tasa witiri, 2 ikipandishwa hadi kipeo q − 1 hubakiza 1 inapogawanywa kwa q. Kwa hiyo hatua ya q − 1 nayo ni mwisho wa mzunguko, na 67 lazima igawanye q − 1. Aidha, q ni witiri, hivyo q − 1 ni shufwa. Matokeo ni kwamba 134 inagawanya q − 1, yaani q ina umbo 134k + 1.

Kuna sharti la pili. Kwa kuwa 2⁶⁷ hubakiza 1, 2⁶⁸ hubakiza 2. Lakini 2⁶⁸ ni kipeo cha pili cha 2³⁴. Namba 2, kwa maneno mengine, ni baki la kipeo cha pili cha namba fulani kinapogawanywa kwa q, na inajulikana kwamba jambo hilo hutokea kwa namba tasa witiri zinazobakiza 1 au 7 zinapogawanywa kwa 8, na si kwa nyingine. Masharti haya mawili yanaonekana wazi katika 2,047. Vigawo vyake 23 na 89 ni 22 × 1 + 1 na 22 × 4 + 1. Cha kwanza hubakiza 7 kikigawanywa kwa 8, cha pili hubakiza 1.

Manufaa yake ni makubwa, ila mipaka yake pia inaonekana mara moja. Kipeuo cha pili cha 2⁶⁷ − 1 ni takriban bilioni 12.15, na kigawo tasa kidogo kabisa, kama kipo, hakiwezi kuzidi hapo. Badala ya kujaribu namba zote, mtafiti angejaribu zile za umbo 134k + 1 zinazotimiza sharti la 8. Hata hivyo bado zinabaki zaidi ya milioni 45. Leo, kwa kuwa kigawo kidogo kinajulikana, inaweza kuhesabiwa kwamba mtafiti aliyefuata njia hii angekifikia katika jaribio la 722,790. Akitumia dakika 10 kwa kila jaribio, na saa 8 kila siku bila kupumzika hata siku moja, angefika baada ya miaka 41. Akiwa mwangalifu zaidi na kuziruka namba zinazogawanyika kwa 3, 5 au 7, angepunguza majaribio hadi takriban 330,000, ambayo ni karibu miaka 19.

4.0 Kuthibitisha Bila Kuona

Kanuni ya Fermat iliyotajwa juu inaonekana kutoa njia ya mkato. Namba N ikiwa tasa, 2 iliyopandishwa hadi kipeo N − 1 lazima ibakize 1. Isipobakiza 1, N si tasa, na hukumu hiyo haihitaji kigawo chochote. Kwa namba nyingi jaribio hili hutosha. Kwa 2⁶⁷ − 1 linadanganya.

Sababu yake si ngumu. Ikiwa N = 2⁶⁷ − 1, basi N − 1 = 2⁶⁷ − 2, na kwa kanuni hiyo hiyo ya Fermat namba hii hugawanyika kwa 67. Lakini 2⁶⁷ hubakiza 1 inapogawanywa kwa N, kwa ujenzi wake. Kipeo chochote kinachogawanyika kwa 67 kitabakiza 1 vilevile, kikiwemo N − 1. Namba inafaulu jaribio, si kwa sababu ni tasa, bali kwa sababu imeundwa kwa 2 na inaulizwa swali kwa 2. Ndivyo ilivyo kwa 2,047 pia, na kwa kila namba ya Mersenne yenye kipeo tasa. Anayetaka jibu la kweli lazima aulize kwa njia nyingine.

Njia hiyo ilibuniwa na Mfaransa Édouard Lucas, naye Derrick Henry Lehmer aliikamilisha katika miaka ya 1930. Katika umbo lake la sasa, jaribio huanza na 4. Katika kila hatua, namba iliyopo hupandishwa hadi kipeo cha pili, hutolewa 2, kisha huchukuliwa baki baada ya kugawanya kwa 2ᵖ − 1, p ikiwa kipeo tasa kilicho witiri. Baada ya hatua p − 2, baki likiwa 0 namba ni tasa. Likiwa jingine lolote, si tasa.

Kwa 2⁷ − 1 = 127, mfuatano ni 4, 14, 67, 42, 111, 0. Hatua ni tano, na mwisho ni 0, hivyo 127 ni tasa. Kwa 2,047 mfuatano ni 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. Baada ya hatua tisa baki ni 1736, si 0, kwa hiyo 2,047 ina vigawo. Msomaji atafute 23 au 89 katika mfuatano huo: hazimo, wala 1736 haielekezi kwazo kwa namna yoyote inayoonekana. Jaribio limetoa hukumu, likanyamaza kuhusu ushahidi. Hali ni kama ya mtu aliyepima maji ya mtungi asubuhi na jioni akakuta yamepungua: anajua kwa hakika kwamba mtungi unavuja, na hajui ufa uko wapi.

Kwa 2⁶⁷ − 1 hatua zinazohitajika ni 65. Kila moja ni kuzidisha na kugawanya kwa namba za tarakimu 21, kazi ya kuchosha lakini yenye mwisho unaoonekana. Mwaka 1876 Lucas alitangaza kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, na mwaka huo huo kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Hapa ndipo uzito tofauti wa kazi hizi mbili unapodhihirika. Namba ya tarakimu 39 ilipata hukumu kamili kwa kalamu na karatasi, ilhali namba ya tarakimu 21, iliyo ndogo kuliko hiyo mara bilioni nyingi, iliendelea kuficha vigawo vyake hadi karne iliyofuata.

5.0 Mkutano wa New York

Tarehe 31 Oktoba 1903, Frank Nelson Cole, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia na katibu wa Chama cha Hisabati cha Marekani, alitoa mada kuhusu kutafuta vigawo vya namba kubwa katika mkutano wa chama hicho jijini New York. Simulizi maarufu ni ya Eric Temple Bell, aliyeiandika miongo kadhaa baadaye. Kwa mujibu wake, Cole alikwenda ubaoni bila kusema neno, akapandisha 2 hadi kipeo cha 67, akatoa 1, kisha upande wa pili wa ubao akazidisha kwa mkono:

193,707,721 × 761,838,257,287

Majibu ya pande mbili yalilingana, wasikilizaji wakapiga makofi, na Cole akarudi kukaa bila kuulizwa swali. Bell anaongeza kwamba Cole alimweleza baadaye kuwa kazi hiyo ilimchukua Jumapili za miaka mitatu. Simulizi za namna hii hunoga kadiri zinavyosimuliwa, na hakuna haja ya kuitegemea kwa kila kipengele. Lisilo na shaka ni zao lenyewe, pamoja na makala ambayo Cole aliichapisha katika jarida la chama mwaka huo huo akieleza njia yake.

Hata hivyo, simulizi hiyo ina taarifa moja inayoweza kupimwa. Jumapili za miaka mitatu ni 156. Kwa saa 8 kila Jumapili na dakika 10 kwa kila jaribio, zinatosha majaribio 7,488. Idadi hiyo haifiki hata sehemu ya arobaini ya yale 330,000. Kwa hiyo, hata kama muda huo ni sahihi, Cole hakuweza kufika kwa kujaribu namba moja baada ya nyingine, na makala yake inathibitisha hivyo. Aliyatumia mabaki ya vipeo vya pili. Wazo la msingi ni lile la sehemu ya 3.0 likiwa limepanuliwa. Ikiwa namba ndogo kama 3 au 5, au namba hasi kama −3, ni baki la kipeo cha pili inapogawanywa kwa N, basi ni baki la kipeo cha pili kwa kila kigawo tasa cha N. Kila taarifa ya aina hiyo huondoa takriban nusu ya namba zilizobaki. Zikikusanywa taarifa kumi zisizotegemeana, hubaki takriban moja kati ya kila 1,024. Ugumu unahamia kwenye kuzipata taarifa zenyewe na kuzioanisha, na huko ndiko Jumapili zilikokwenda.

Uteuzi wa njia ulikuwa na maana kubwa. Njia ya zamani ya Fermat, inayotafuta kuandika N kama tofauti ya vipeo viwili vya pili, hufaa pale vigawo viwili vinapokaribiana. Hapa kimoja ni karibu mara 3,933 ya kingine. Njia hiyo, bila vichujio, ingehitaji hatua takriban bilioni 369 kabla ya kufika, yaani ingekuwa mbaya kuliko kujaribu namba zote witiri tangu 3.

Upande wa pili, 2⁶⁷ − 1 ilikuwa na mlango wa nyuma ambao Cole hakuwa na namna ya kuujua. Namba 193,707,720, iliyo moja nyuma ya kigawo kidogo, ni sawa na 2³ × 3³ × 5 × 67 × 2,677. Kigawo chake tasa kikubwa kabisa ni 2,677 tu. Mwaka 1974 John Pollard alieleza njia inayoutumia udhaifu wa aina hiyo hiyo. Huchukuliwa namba kama 3, hupandishwa hadi kipeo kinachogawanyika kwa namba zote ndogo hadi kikomo fulani, hutolewa 1, kisha hutafutwa kigawo kikubwa cha shirika kati ya jibu hilo na N. Kwa kikomo cha 2,677, kipeo hicho hugawanyika kwa 193,707,720, na kwa kanuni ya Fermat kigawo kilichofichwa hujitokeza. Kompyuta ndogo ya leo humaliza hesabu hiyo kabla mtu hajanyanyua mkono kutoka kwenye kibodi. Namba 2 ndiyo isiyoweza kutumika hapa badala ya 3, kwa sababu ile ile iliyoelezwa katika sehemu ya 4.0: mzunguko wake una hatua 67 kwa vigawo vyote viwili, hivyo huvinasa pamoja na kurudisha N nzima.

Jambo jingine linalostahili kuangaliwa ni uhakiki. Yeyote anayejua kuzidisha anaweza, kwa kalamu na chini ya saa moja, kuthibitisha kwamba Cole alisema kweli. Hahitaji kujua njia aliyotumia, wala kuamini simulizi ya Bell, wala kumheshimu Cole. Kukagua ni kazi ya jioni moja. Kutafuta ni kazi ya miaka.

6.0 Kero Iliyogeuzwa Ngao

Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, wakiwa Massachusetts, walibuni mfumo wa kuficha ujumbe unaojulikana kwa herufi za kwanza za majina yao, RSA. Mfumo huo unategemea moja kwa moja kazi mbili zinazojadiliwa hapa. Mtu huchagua namba mbili tasa kubwa na kuzizidisha. Zao hutangazwa kwa kila mtu, namba zenyewe hufichwa. Kuzipata namba tasa kubwa ni rahisi, kwa sababu utasa unaweza kupimwa bila kutafuta vigawo. Kuzitoa tena kutoka katika zao lake ni vigumu. Mfumo ungekufa kama kazi zote mbili zingekuwa rahisi, na usingezaliwa kama zote zingekuwa ngumu.

Namba 2,047 inaweza kuonyesha utaratibu. Vigawo vyake ni 23 na 89, na zao la 22 × 88 ni 1,936. Mtu hutangaza namba 2,047 pamoja na kipeo 3. Anayetaka kumtumia ujumbe 50 hukokotoa 50³ = 125,000, hugawanya kwa 2,047 na kutuma baki, yaani 133. Mpokeaji huipandisha 133 hadi kipeo 1,291, na baki baada ya kugawanya kwa 2,047 humrudishia 50. Kipeo 1,291 kilipatikana kwa kuwa 3 × 1,291 = 3,873, namba inayobakiza 1 ikigawanywa kwa 1,936. Asiyeijua 1,936 hana njia ya kawaida ya kukipata, na 1,936 haipatikani bila 23 na 89. Adui akijua tu kwamba 2,047 si tasa, hajapata chochote. Hilo lilikuwa limekwisha kutangazwa.

Namba zinazotumika sasa, bila shaka, ni kubwa zaidi. Ufunguo wa kawaida wa RSA una biti 2,048, yaani tarakimu 617. Ukubwa peke yake hautoshi. Kama 2⁶⁷ − 1 inavyoonyesha, kigawo q ambacho q − 1 yake imeundwa kwa namba ndogo tupu ni mlango uliosahauliwa wazi, na ndiyo sababu baadhi ya miongozo ya awali ya kuunda funguo ilitaka namba za aina hiyo zikataliwe. Uzoefu umeonyesha pia kwamba makadirio ya muda hayapaswi kuaminiwa kupita kiasi. Namba ya tarakimu 129 iliyotolewa hadharani kama changamoto mwaka 1977, ikitarajiwa kudumu muda usiofikirika, ilivunjwa mwaka 1994 kwa kompyuta za mamia ya watu waliojitolea kupitia intaneti. Mwaka 2020 ilivunjwa nyingine ya tarakimu 250.

Nadharia nayo imesogea upande mmoja tu. Mwaka 2002 Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena wa Kanpur, India, walithibitisha kwamba utasa wa namba yoyote unaweza kuamuliwa kwa muda unaokua kwa kiasi cha wastani kadiri tarakimu zinavyoongezeka. Kwa vigawo hakuna matokeo kama hayo kwa kompyuta za kawaida. Pia hakuna aliyethibitisha kwamba hayawezekani. Peter Shor alionyesha mwaka 1994 kwamba kompyuta za kikwanta, zikijengwa kwa ukubwa wa kutosha, zingeifanya kazi hiyo kwa haraka. Kwa hiyo ngao inayolinda barua na miamala ya watu inasimama juu ya ugumu ambao umeshuhudiwa kwa karne nyingi, ila haujawahi kuthibitishwa.

7.0 Namba Iliyopo Mahali pa 2⁶⁷ − 1

Utafutaji wa namba tasa za Mersenne umefika mbali. Mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba 2 iliyopandishwa hadi kipeo 136,279,841, ikitolewa 1, ni tasa. Ina tarakimu 41,024,320. Iliyothibitisha hilo kikamilifu ni jaribio la Lucas na Lehmer, lile lile lililofanywa hapa kwa 127 katika hatua tano.

Wakati huo huo kuna namba ndogo mno kulinganisha na hiyo, 2¹²⁷⁷ − 1, yenye tarakimu 385. Jirani yake, 2¹²⁷⁹ − 1, iligunduliwa kuwa tasa mwaka 1952. Yenyewe imejaribiwa kwa njia hiyo hiyo na baki la mwisho si 0, kwa hiyo si tasa. Inajulikana kwamba kila kigawo chake tasa ni cha umbo 2,554k + 1, na kwamba kikigawanywa kwa 8 hubakiza 1 au 7. Njia ya Pollard imejaribiwa juu yake kwa vikomo vikubwa sana, na njia nyingine zilizobuniwa baadaye pia. Hadi mwaka 2024 hakikuwa kimepatikana hata kigawo kimoja, wala haikujulikana kama vigawo vyake tasa ni viwili au zaidi.